Neno "Kiasi" na Ndugu Zake



Katika jubilei hii mengi yamesemwa juu ya majengo. Sisi twaomba kusema juu ya neno moja tu, nalo ni kiasi. Tumelifundisha miaka mingi, nasi twakiri ya kuwa hatukulifundisha vema. Mtoto akiulizwa kiasi ni nini, hujibu, "Ni kidogo." Na mtu mzima akionywa juu ya pombe husema, "Nanywa kwa kiasi, ila kiasi changu ni kikubwa." Watu hucheka, walakini kosa si lake peke yake.

Neno hili limetoka katika Kiarabu, qiyas, yaani kupima kitu kwa kitu kingine. Kukisia ni ndugu yake. Kadiri na wastani yametoka huko huko, la kwanza likiwa na maana ya kipimo, na la pili ya katikati. Basi hayo ni maneno ya pishi na kibaba; hayasemi kidogo wala kingi. Kibaba kilichopunjwa hakina kiasi, kama vile kilichofurika hakina. Hata ajinyimaye chakula mpaka asiweze kulima amekosa kipimo.

Lakini Kiyunani cha Mitume chasema enkrateia, na ndani yake mna kratos, maana yake nguvu. Hilo si neno la mizani, ni neno la enzi. Biblia ya Union ya mwaka 1952 yaliita kiasi katika Wagalatia 5:23. Bali katika 1 Wakorintho 9:25, Paulo asemapo juu ya washindanao katika michezo, neno la shina lile lile limefasiriwa kujizuia. Tazameni silabi ile ndogo, -ji-. Azuiaye na azuiwaye ni mtu mmoja. Kiarabu kilitupa kipimo. Mkono wa kukishika twaupata katika lugha ya mababu zetu. Walimu wakiyafundisha mawili haya pamoja, yule mnywaji hataweza tena kujikatia kibaba chake mwenyewe.

Paulo alilinena neno hili mbele ya Feliki liwali, pamoja na haki na hukumu itakayokuja, kama ilivyoandikwa katika Matendo 24:25. Feliki hakusikia "kidogo." Aliingiwa na hofu, akamwambia aende zake kwanza, atamwita apatapo nafasi.