KICHAA CHA MBWA NA JINSI YA KUKITAMBUA
(Maneno tuliyowaambia wazee, walimu na wenye mifugo wa Mbeya na Iringa)

Leo hatukuja kusema habari za mahindi wala za ng'ombe, bali za yule mlinzi alalaye mlangoni petu. Toka Tukuyu hata Mufindi mbwa ni rafiki wa kweli. Lakini akipatwa na kichaa huwa adui ndani ya nyumba. Na mtu akisha kuonyesha dalili za ugonjwa huu, hapana dawa ya kumponya. Kwa hiyo yatupasa kuutambua mapema.

Watu wengi husema, "Mbwa wangu anakunywa maji, basi hana kichaa." Maneno haya si kweli, nayo yaweza kuua. Kuogopa maji ni dalili ya mwanadamu aliyekwisha ugua. Mbwa mwenye kichaa aweza kunywa, hata kuvuka mto.

Tazameni kwanza tabia yake. Mbwa mpole huwa mkali, na mkali huwa mnyenyekevu. Kisha ugonjwa hushika njia mbili. Ya kwanza yajulikana na wote: huzurura mbali na kwao, huuma vijiti, mawe na watu, na sauti yake hugeuka. Ya pili ni ya kimya, nayo ndiyo hudanganya. Mbwa hujificha gizani, taya la chini hulegea, udenda humtoka, hawezi kumeza. Mwenyewe husema, "Mfupa umemkwama kooni," akatia mkono kinywani autoe. Ole wake! Mate yale ndiyo yenye sumu, na mkwaruzo mdogo watosha.

Mbwa akimwuma mtu, wengi wetu humpiga mawe na kumtupa korongoni. Kufanya hivyo ni kumtupa shahidi. Kama yawezekana bila hatari, afungwe peke yake, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, kuuma kwake hakukuleta kichaa. Akifa au akiuawa, msimzike upesi wala msimpasue. Mwiteni bwana mifugo. Kichwa kisivunjwe, kwa maana ubongo ndio usemao kweli. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo chake Iringa. Wataalamu wa maabara hupaka kipande cha ubongo dawa maalumu, wakakitazama kwa hadubini. Kama kichaa kimo, alama zake huonekana.

Lakini aliyeumwa asingoje siku 10 wala majibu. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimtia mtoto Joseph Meister dawa ya namna hiyo, naye hakuugua.

Enyi walimu, waambieni watoto wasifiche jeraha kwa kuogopa fimbo. Ugonjwa huu hukaa mwilini kimya, mara nyingi miezi 2 au 3, na mtoto aliyenyamaza hufa. Nasi wazazi tusiwapige kwa sababu hiyo.

Na siku ya chanjo ikitangazwa, kila mtu alete mbwa wake. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu tiba yenyewe haipo.