"BIDHAA ZILIZOUZWA HAZIRUDISHWI": KAULI HII INA UZITO GANI?

(Matini ya mhadhara uliotolewa msikitini baada ya Swala ya Ishaa)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu hapa Mombasa, alinunua friza iliyokwishatumika kwa shilingi 28,000 ili auze barafu na sharubati. Siku ya nne ikaacha kugandisha. Aliporudi dukani alionyeshwa risiti yake, chini pamepigwa muhuri: bidhaa zilizouzwa hazirudishwi. Mwenye duka ni Muislamu mwenzetu, tunaswali naye. Mama yule akarejea kwake, akasema amemuachia Mwenyezi Mungu. Alipotujia ilikuwa imeshapita miezi miwili, na alikwishamwita fundi akaifungua mashine na kuikata mabomba.

Tuliona haya. Kila mwaka tunawasomesha vijana mlango wa khiyari katika vitabu vya fiqhi, wanahifadhi vigawanyo vyake kwa Kiarabu na wanafanyiwa mtihani. Kisha mama zao wanadhulumiwa mtaa wa pili, na hakuna mmoja wetu aliyewaambia kwamba maneno yale yanawahusu wao. Usiku huu tumekusudia kulipa deni hilo.

Khiyari ni haki ya kuchagua baina ya kuupitisha mkataba na kuuvunja. Neno letu "hiari" limetoka katika mzizi huo huo. Katika Hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ameeleza kwamba muuzaji na mnunuzi wana khiyari maadamu hawajaachana. Hiyo ni khiyari ya majlisi, nayo huisha mtu akishatoka dukani. Ipo pia khiyari ya sharti, ambayo ndugu zetu wengi wanaisahau: wakati wa kununua simu au mashine iliyotumika, mnaweza kukubaliana kwamba mnunuzi ana muda wa kuijaribu, usiozidi siku tatu katika madhehebu ya Imam Shafi'i. Iseme kabla ya kutoa pesa, na iandikwe kwenye risiti.

Lakini iliyo muhimu zaidi ni khiyari ya aibu, yaani ya kasoro. Hii haihitaji kushurutishwa. Mtu akinunua kitu, kisha akagundua kasoro iliyokuwemo tangu kikiwa mkononi mwa muuzaji, kasoro inayopunguza thamani au kuharibu makusudio, ana haki ya kukirudisha na kuchukua pesa zake, awe muuzaji alijua au hakujua. Na akiwa alijua akanyamaza, juu ya hayo ana dhambi. Mtume (SAW) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake, akakuta umajimaji ndani. Muuzaji alidai kwamba kilinyeshewa na mvua. Hakukubaliwa udhuru huo. Aliulizwa kwa nini hakuiweka juu ile sehemu iliyorowa ili watu waione, na mwenye kughushi akajitenga na Mtume (Muslim, kutoka kwa Abu Huraira). Tazameni kwamba kosa halikuwa mvua. Kosa lilikuwa kuficha.

Na ule muhuri je? Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya muuzaji anayeshurutisha kwamba hatahusika na kasoro. Imam Abu Hanifa ameliruhusu sharti hilo. Kwa Mashafi'i, nasi wengi wa pwani hii ndio madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo halimuokoi ila katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Friza si mnyama. Isitoshe, muhuri unaopigwa baada ya pesa kupokewa si sharti la mkataba hata kidogo. Ni tangazo la mtu mmoja.

Sheria ya nchi nayo haiuungi mkono. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeongeza kwamba haki ilizozitoa zinabaki hata kama mtu ametia saini ya kuziacha.

Hata hivyo, haki hii ina adabu zake. Mashafi'i wanasema kurudisha kuwe mara moja baada ya kuijua kasoro, na kitu kisiendelee kutumiwa. Mwenye kuendelea kukitumia ni kama amekiridhia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inakaribiana na hilo: mwenye kukaa na kitu muda uliozidi kiasi bila ya kumjulisha muuzaji huhesabiwa kuwa amekikubali. Na kikiingia kasoro mpya mkononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee. Hubaki na fidia ya upungufu, iitwayo arshi. Kasoro ya asili ikiwa imeondoa thuluthi ya thamani, hurudishiwa thuluthi ya bei. Hapo ndipo alipokwama mama yetu. Laiti angelirudi na mashauri siku ile ya nne, kabla ya fundi!

Wengine hukimbilia kwa Kadhi. Tunawakumbusha kwamba Ibara ya 170 imezifunga mahakama hizo katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, friza haimo. Pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, ambayo kiwango chake kilipandishwa mwaka 2020 hadi shilingi milioni moja. Mtu husimama mwenyewe bila ya kulazimika kuajiri wakili, na kesi yatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na risiti, na barua uliyompelekea muuzaji.

Wala tusidhulumu upande wa pili. Aliyenunua kanzu kisha rangi ikamchosha hana khiyari ya aibu. Muuzaji akimkubalia kurudisha, hiyo ni ikala, nayo ina thawabu kubwa, lakini haidaiwi.

Mama yule tulikwenda naye dukani tukiwa watu watatu, tukaanza kwa salamu na kumaliza kwa hesabu. Alirudishiwa shilingi 9,000. Muhuri bado unapigwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.