Madai ya Bima Huandaliwa Kabla ya Moto

(Maneno ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka)

 

Sisi wahasibu wa chama hiki tumezoea kusimama hapa kusoma mapato na matumizi. Leo tunaanza na kosa letu wenyewe.

Ndugu yetu mmoja huko nyumbani alikuwa na duka la pembejeo na dawa za mifugo. Likaungua usiku. Habari ilipotufikia mjini tulifanya tulichozoea: tukachanga. Tukampigia simu, "Pole sana ndugu yetu, safisha kiwanja uanze upya." Akatutii. Wiki tatu zilipita ndipo mmoja wetu akauliza kama alikuwa na bima. Kumbe alikuwa nayo bila kujua. Alipokopa benki, ada ya bima ilikatwa humo humo kwenye mkopo, na hati akaiweka kwenye droo ya duka. Iliungua pamoja na duka.

Mtathmini wa hasara alipofika alikuta sakafu iliyofagiliwa. Hapakuwa na mabaki, picha wala daftari la bidhaa. Kilicholipwa kilikuwa kidogo, na chote kikaenda kupunguza mkopo, kwa kuwa hati iliitaja benki kuwa ya kwanza kulipwa. Aliyemwambia afagie ni sisi, wenye vyeti vya uhasibu ukutani.

Kwa hiyo tunaomba kila mwenye duka, mashine ya kusaga au ghala ayashike haya.

Kwanza, ukiwa na mkopo, uliza leo: je, nina bima? Inakinga mali yangu au deni la benki tu? Omba nakala, kisha mwachie nyingine ndugu anayeishi mbali na duka.

Pili, soma majanga yaliyotajwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliwashukia jirani zetu wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki, na maduka yakafukiwa. Uhai haulipiki. Lakini mfanyabiashara ajue kwamba bima ya moto peke yake haimlipi mwenye hasara ya mafuriko au maporomoko, mpaka majanga hayo yaandikwe kwenye hati.

Tatu, taja thamani ya kweli. Tuseme mali yako ni ya shilingi milioni 12, nawe umekata bima ya milioni 4 ili ada iwe ndogo. Moto ukiteketeza mali ya milioni 9, usitegemee hata hizo 4. Umekinga theluthi moja, hivyo utahesabiwa theluthi ya hasara: milioni 3.

Nne, kila mwisho wa mwezi hesabu bidhaa, andika, piga picha ya daftari na rafu, umtumie mtu wa mjini. Risiti za manunuzi zifanye hivyo hivyo. Zikipotea, waliokuuzia Mbulu, Haydom au Karatu wanaweza kukupa nakala, na miamala ya simu nayo ni ushahidi.

Tano, janga likitokea, okoa kinachookoka, lakini usitupe mabaki. Piga picha. Itaarifu kampuni siku hiyo hiyo, kisha kwa maandishi. Toa taarifa polisi upate ripoti, na kama ni moto, uombe pia ya Zimamoto. Jaza fomu ya madai kwa ukweli mtupu, maana chumvi kidogo huharibu dai zima. Usisaini kwamba umelipwa kikamilifu kabla hujaelewa hesabu. Ukiona umeonewa, lipo dawati la malalamiko la kampuni, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ndugu zetu, michango hii tunayotoa leo ni ya madarasa, maji na zahanati. Kila duka likiungua tukirudi kwenye mfuko huu huu, mtoto wa darasa la kwanza ndiye atakayelipa.

Ombi letu ni dogo. Chama kitenge fedha za madaftari ya bidhaa kwa wafanyabiashara wa nyumbani. Nauli tutajilipia wenyewe. Tutashuka Yaeda Chini, tukae na kila mmoja dukani kwake, tuhesabu naye mara ya kwanza na kuisoma hati yake mstari kwa mstari. Na ndugu yetu yule amekubali kutupokea. Tutaanzia kwake.

 Karibuni tuchange.