Mtoto Asiye na Kinga: Kazi ya Dkt. Robert Good

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi)



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mliokuja kutusikiliza kabla ya futari, nimeambiwa nizungumzie sayansi, nami nimemchagua mtu mmoja tu: Dkt. Robert Good wa Marekani. Nimemchagua kwa sababu ugonjwa alioushughulikia huenda ushaingia katika nyumba zetu na hatukuujua jina.

Mambo yenyewe huwa hivi. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri. Akifika miezi mitatu minne, kifua hakimwachi, kuharisha hakuishi, utando mweupe umejaa kinywani. Anapewa dawa, anapata nafuu wiki moja, yanarudi. Hamalizi mwaka. Akizaliwa ndugu yake wa kiume, yale yale. Hapo maneno huanza: jicho, zongo, mama ana mkosi. Maskini mama, amezika watoto na bado anasemwa!

Kumbe baadhi ya watoto hawa huzaliwa bila kinga ya mwili. Si Ukimwi, wala hawakuambukizwa na mtu. Ni kasoro ya kurithi. Aina moja hubebwa na mama asiye na dalili yoyote, ikawapata watoto wa kiume. Aina nyingine hutaka baba na mama wote wawe wameibeba, kwa hivyo huonekana zaidi ndugu wa ukoo mmoja wanapooana, na sisi Pwani tunajijua.

Good alizaliwa 1922 huko Minnesota. Akiwa mwanafunzi alishikwa na maradhi yanayofanana na polio, akapooza. Akaendelea kusoma akiwa katika kiti cha magurudumu, na mwaka 1947 akatoka na udaktari wa tiba na wa utafiti pamoja. Alibaki akichechemea. Kawaida yake ilikuwa kuanzia kwa mgonjwa: akimwona mtu ambaye kinga yake haifanyi kazi, anauliza kimekosekana nini mwilini, kisha anakwenda kutafuta jibu kwa wanyama. Mwaka 1965 yeye na Max Cooper walionyesha, kwa kuchunguza vifaranga vya kuku, kuwa kinga ina matawi mawili yanayokua mbali mbali.

Sasa tuje mwaka 1968. Aliletewa mvulana wa miezi michache, ambaye kwao wavulana wengi wa upande wa mama walikuwa wamekufa wachanga. Good na wenzake walitaka kumpa uboho wa mifupa, kwa sababu ndani yake mna seli shina, ndizo zinazozaa seli zote za damu, pamoja na za kinga. Shida ni kwamba kinga ya mgeni ikiingia katika mwili usioweza kujitetea, huuona mwili huo ndio adui, ikaushambulia. Watoto wengine waliowahi kujaribiwa walikufa hivyo. Kwa hivyo akatafutwa wa kulingana naye. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Dada mmoja akaonekana anamkaribia sana. Uboho wake ukachukuliwa, kinga ya mtoto ikaanza kuota.

Halafu damu yake ikaanza kukauka, kwani kundi lake na la dadake yalikuwa tofauti. Wakamrudia dada yule yule, akatoa tena. Mtoto akapona, akakua akawa mtu mzima.

Msidhani Good alikuwa malaika. Mwaka 1974, akiongoza taasisi ya Sloan-Kettering, New York, mtafiti wa chini yake alishikwa amewapaka panya weupe wino ili ionekane ngozi aliyowapandikiza imeshika. Kamati ilimlaumu Good pia kwa kutangaza mapema mno. Mimi naona ilikuwa haki.

Alifariki 2003. Matokeo ya watoto wa Marekani, yaliyochapishwa 2014, yalionyesha kuwa katika waliopandikizwa kabla ya miezi mitatu na nusu, 94 kwa 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wanaochelewa, wakawa tayari wana maambukizi, hupungukiwa na bahati hiyo.

Na hili akina mama mlishike. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto akizaliwa ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto wa kawaida ni salama na inamkinga, asije mtu akaiacha kwa maneno yangu! Lakini kwa mtoto asiye na kinga inaweza kumdhuru. Ikiwa kwenu wamekufa watoto wachanga kwa maradhi yasiyokwisha, mwambieni daktari kabla ya sindano hiyo, na mtaje na wale wa kwa bibi mzaa mama.

Wabillahi tawfiiq.