Kamati ya Bunge Husikia Neno Lililoandikwa

(Maneno ya karani wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Uvira)



Tangu Kalundu hata Kavimvira nasikia neno moja: "Bunge liko Kinshasa, sisi tutafanya nini?" Leo nataka kulijibu.

Wabunge ni 500, lakini kazi nyingi hufanyika kwanza katika kamati, ndizo wengine huziita komisyo. Humo watu wachache huchunguza sheria, hesabu na mikataba, na huita waziri au mkubwa wa sosiete ya Leta aje kujibu. Katiba ya 2006, kifungu cha 138, imewapa nguvu hiyo. Kifungu cha 27 kimetupa sisi yetu: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, aweza kuwaandikia wakubwa wa serikali, nao wapaswa kujibu katika miezi 3. Wala mtu asishtakiwe kwa kuandika hivyo.

Tazameni jambo lililotokea. Mwaka wa 2004 kamati ya Bunge, mkubwa wake Christophe Lutundula, ilianza kuchunguza mikataba iliyotiwa sahihi wakati wa vita vilivyoanza 1996 na 1998, pamoja na mikataba ya migodi. Ilitaka mingine ivunjwe, mingine itengenezwe upya. Juni 2005 ripoti ilitiwa mikononi mwa wakubwa wa Bunge, ikalala huko. Wabunge waligawiwa Februari 2006, baada ya watu wengi kuidai.

Basi, wandugu, tushike mambo mawili. Kamati isipopata habari zetu, itasoma karatasi za sosiete peke yake. Na ripoti ikiisha kuandikwa, tuulize iko wapi mpaka isomwe mbele ya wabunge wote.

Mimi ni karani, kazi yangu ni karatasi. Mkiandika, tieni siku, mahali, kiasi, na majina ya walioona kwa macho. Msiseme tu "tunaibiwa". Sheria ya madini ya 2018 yasema hivi: katika kila franka 100 za ushuru wa madini yaliyochimbwa, 15 ni za mji, sekta au sheferi yenye machimbo. Ulizeni: zilipokelewa lini? Zilijenga nini?

Barua iende kwa mkubwa wa kamati, nakala kwa mbunge wetu. Nakala nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa, mkaiweke. Miezi 3 mtaihesabu kutoka siku ile. Ya fedha ifike mapema, maana hesabu za Leta hujadiliwa katika kikao cha 15 Septemba hata 15 Desemba.

Asiyejua kuandika asikae nyuma. Aende kwa anayejua, aseme neno lake, asomewe lote, ndipo atie kidole.