Homa ya Papasi na Kipimo Kisichoiona

Msikilizaji, tuseme mtu anaugua homa kali. Anakwenda zahanati, anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, anaambiwa hana. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Baada ya siku chache homa inakatika, jasho linamtoka, anaamka na kuomba uji. Kisha kama wiki moja baadaye homa ileile inamwangusha tena, na kichwa na viungo vinauma kuliko mwanzo. Anapimwa, malaria hakuna. Hapo majirani wanaanza kunong'ona kuwa amerogwa.

Mgonjwa huyo anaweza kuwa na homa ya papasi.

Kupe wa ng'ombe tunamjua, yule anayeng'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa mpaka avimbe. Papasi ni wa ukoo huohuo, ila yeye anaishi ndani ya nyumba zetu. Makao yake ni nyufa za sakafu ya udongo, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta. Ana rangi ya vumbi, ngozi yake ina makunyanzi, na ukimgusa anatulia tuli kama kibonge cha udongo. Watu wakishalala hutoka, hufyonza damu kwa muda mfupi tu, kisha hurudi kwenye ufa wake. Ukiamka humkuti. Tena anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo msafiri anayejilaza chini kwenye nyumba iliyohamwa zamani asidhani yuko peke yake.

Ugonjwa huu una historia ndefu kwetu. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alifia Kasongo, huko Kongo, kwa homa hiihii aliyokuwa akiichunguza. Kijidudu kinachosababisha homa hii kinaitwa Borrelia duttonii kwa jina la daktari huyo. Mwaka huohuo Robert Koch, akifanya utafiti huku Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliona kuwa papasi jike huwarithisha watoto wake kijidudu hicho kupitia mayai. Yaani papasi anaweza kuanguliwa akiwa nacho tayari.

Sasa nije kwenye linaloniumiza. Kabla ya vipimo vya haraka, damu ya mgonjwa ilipakwa kwenye kioo, ikatiwa rangi, na mtaalamu wa maabara akainamia hadubini kutafuta malaria. Kwenye kioo hichohicho aliweza kukutana na vijidudu vyembamba vilivyojisokota katikati ya chembe za damu. Hakuwa akivitafuta, lakini alivijua, na mgonjwa akapona. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha ya wengi, hasa vijijini kusiko na umeme, na sitaki mtu akikatae. Lakini chenyewe kinatambua malaria tu. Homa ya papasi kinaipita bila kuigusa.

Ndiyo maana naona ni kosa kubwa hadubini kufungiwa kabatini katika maeneo ambayo papasi wanajulikana, Dodoma ikiwa mojawapo. Malaria ikikosekana na homa imerudi, damu ipakwe kwenye kioo, na ichukuliwe homa ikiwa juu. Ikishakatika, vijidudu hupungua sana kwenye damu na huweza kutoonekana kabisa.

Anayenitia hofu zaidi ni mama mjamzito. Homa hii huweza kuharibu mimba, na mtoto akizaliwa nayo anaweza kufa katika siku zake za kwanza. Mama, ukiwa kliniki, mweleze muuguzi kuwa homa ilikatika ikarudi, na mweleze umekuwa ukilala wapi. Msafiri naye aseme hivyohivyo.

Nyumbani, sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu humnyima papasi maficho. Najua saruji ni gharama, basi anayeweza kumudu chumba kimoja aanze na cha kulala. Asiyeweza bado azibe nyufa, alale kitandani badala ya chini, akisogeze mbali na ukuta, na chandarua akichomeke chini ya godoro.

Dawa zipo, za familia ya tetrasaiklini, na mjamzito hupewa nyingine inayomfaa. Ila saa chache baada ya dozi ya kwanza, homa huweza kupanda ghafla na mgonjwa akatetemeka sana, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi. Asikimbilie kuacha dawa. Akae palepale kituoni, wahudumu wamwangalie mpaka itulie.