Nani Anafurahi Mtu Anapotubu?

Ukiwa na Biblia karibu, fungua Injili ya Luka sura ya 15. Kama huna, usihangaike. Hadithi zake tatu huenda unazijua tangu utotoni: kondoo aliyepotea, sarafu iliyopotea, na mwana aliyeondoka kwao na mali.

Tuanze na mistari miwili ya mwanzo, ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Watoza ushuru na watu wenye sifa mbaya walikuwa wakimkaribia Yesu wamsikilize. Mafarisayo na waandishi wakanung'unika: anawapokea watu hawa, tena anakula nao! Na manung'uniko yale yalikuwa na sababu. Watoza ushuru wa siku zile walijulikana kwa kuwatoza watu kupita kiwango na kutia ziada mfukoni. Bila shaka mezani pale palikuwa na watu waliokuwa wamewaibia jirani zao. Hadithi zote tatu, basi, waliambiwa wale walionung'unika. Tukilisahau hilo tutamwelekezea mlevi na mzinzi kila neno, nasi wengine tubaki tumekunja mikono.

Mchungaji ana kondoo 100, mmoja hayupo. Anawaacha 99 nyikani, anamtafuta hadi anampata, anambeba mabegani, kisha anawaita rafiki na jirani wafurahi naye. Mwanamke ana drakma 10, moja imeanguka. Anawasha taa, anafagia nyumba nzima, anaiona, anawaita mashoga zake. Drakma moja ilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku moja. Ukipiga hesabu ya kuwakirimu wageni wote hao, yawezekana mama yule alitumia zaidi ya alichokipata. Na kila mara Yesu anamalizia vilevile: mbinguni kuna furaha kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja anayetubu.

Sasa niulize swali la kitoto. Yule kondoo alitubu saa ngapi? Alipotea, akabebwa. Sarafu ndiyo kabisa, haina hata sauti ya kulia gizani. Na bado Yesu anavitumia viwili hivyo kueleza toba! Ndiyo maana walimu wa Kanisa, tangu zamani, wamefundisha kwamba Mungu hutangulia kumtafuta mtu, na kutubu kwake ni kuitikia. Furaha nayo ni ya yule aliyetafuta. Tumezoea kuzungumzia nafuu anayoipata aliyetubu: mzigo umetuliwa, usingizi umerudi. Ni kweli. Lakini Luka 15 inazungumzia kwanza furaha ya Mungu mwenyewe. Nabii Sefania, karne nyingi kabla ya hapo, alikwisha kumweleza Mungu akiwashangilia watu wake kwa kuimba. Tumefundishwa sana kumwimbia Mungu. Kwamba naye anaimba, hilo hatulisikii mara nyingi.

Twende kwa yule kijana aliyeondoka kwao na mali. Kilichomwamsha kule alikokuwa akilisha nguruwe ni njaa. Tusimpambe. Alikumbuka kwamba vibarua wa baba yake wanashiba, akatunga maneno ya kwenda kusema, na mwisho wa maneno yale ulikuwa ombi la kazi: nifanye kama mmoja wa vibarua wako. Baba anamwona angali mbali. Mzee mwenye mali, mwenye watumishi, anakimbia njiani. Kijana anaanza kuungama, lakini lile ombi la kazi halifiki mdomoni, kwa maana baba amekwisha kuagiza vazi, pete, viatu, na ndama aliyenona achinjwe.

Kuna watakaosema: mwalimu, furaha ya haraka namna hii italegeza watu, mtu ataiba leo na kesho ataimba. Hofu hiyo naielewa, ila Luka mwenyewe anatupa jibu katika sura ya 19. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, anaambiwa kwamba Yesu atashinda kwake. Anashuka mtini, anampokea kwa furaha. Baada ya hapo ndipo anapotangaza kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Furaha ilitangulia, fidia ikafuata. Sisi wa eneo hili tuliliona hilo katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama mbele ya ndugu, wakarudisha vitu walivyoiba, na palepale wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukapaa. Kurudisha mali na kuimba vilikwenda pamoja.

Wakatoliki nao, katikati ya Kwaresima, wanayo Jumapili ya furaha iitwayo Laetare. Padre anaweza kuweka kando zambarau na kuvaa rangi ya waridi. Katika mwaka C wa masomo, Injili ya siku hiyo ni hii ya mwana mpotevu.

Lakini sehemu inayonisumbua mimi ni ile ya kaka mkubwa. Anatoka shambani, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Anamwambia baba "huyu mwanao", wala hasemi "ndugu yangu". Baba, aliyemkimbilia mdogo, sasa anatoka nje kumbembeleza mkubwa, na anamkumbusha: huyu ni ndugu yako. Sharika zetu nyingi zina utaratibu wa kumrudisha kundini aliyekuwa ametengwa. Anasimama mbele, anaulizwa maswali, anaombewa. Utaratibu ni mzuri. Ibada ikiisha, sasa, mtazame binti aliyezaa kabla ya ndoa, mwenye mtoto mgongoni, ambaye mchungaji ametoka kumtangazia msamaha. Nani anamwendea? Nani anamkaribisha chakula? Mara nyingi anaondoka peke yake, na kwayani wanamwambia asubiri kwanza miezi kadhaa, watu wasahau. Mimi nasema hapo tumemsamehe kwa karatasi. Hayo ndiyo masharti ya kibarua, yale ambayo baba hakumwachia mwanawe ayataje.

Luka hatuambii kama kaka mkubwa aliingia. Kaka huyo anaye mtangulizi wake katika Agano la Kale: Yona, nabii aliyekasirika kwa sababu watu wa Ninawi walitubu na Mungu akawahurumia. Kitabu chake nacho kinaishia kwenye swali, na swali hilo ndilo somo letu la wiki ijayo. Kina sura nne tu. Kisomeni kabla hatujakutana.